Profesa na Jina la Mtaani

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa daktari, lakini si wa kutibu. Alisomea kompyuta mpaka wakaishiwa cha kumfundisha, akafundisha chuo kikuu miaka mingi, kisha akastaafu na kuja kukaa Bagara, hapa Babati, jirani yangu, tukitenganishwa na shamba lake la mbaazi. Mwanzoni tulimwita Daktari, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha kwenye jumuiya. Ikawa taabu. Watu walimsimamisha njiani kumwonyesha majipu. Mzee mmoja alimfuata hadi kwenye zizi lake la nyuma ya nyumba, akapandisha suruali na kumwomba amtazame goti. Profesa akalitazama kwa heshima zote, akamwambia, "Mzee wangu, hili lipeleke hospitali," na mzee akaondoka akitangaza kwamba daktari tuliyeletewa hajui kitu. Ikabidi tumpandishe cheo. Profesa hatibu, kwa hiyo hasumbuliwi.

Jina lake halisi silitaji. Akisikia nimelitaja atanigombeza, na ugomvi wa Profesa ni mrefu, una utangulizi na hitimisho.

Mimi nina steshenari pale mjini, njia ya kwenda stendi. Natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, napiga picha za paspoti, na msimu wa maombi ya vyuo sikai chini. Nilibatizwa jina zuri la mtakatifu, lakini halitumiki. Nilizaa pacha, Paskali na Paskalina, na tangu nilipotoka nao hospitali mimi ni Mama Pacha. Mume wangu, dereva wa malori, ni Baba Pacha, na hata akiwa Singida wenzake wanamwita hivyo kwenye simu. Kibao cha duka kina jina jingine kabisa na sijawahi kuona mtu akikisoma.

Na Paskalina ana kifafa. Jambo hili naliandika waziwazi leo kwa sababu mwenyewe ameniruhusu. Wakati ule ilikuwa siri ya nyumba yetu. Alianza kuanguka akiwa mdogo, kabla ya shule, na kwa bahati aliangukia nyumbani tu. Tulipata dawa, zikamkubali, akaingia darasani kama wenzake. Waliojua ni mimi, baba yake, kaka yake na watu wa kliniki. Watu wa kwetu si wabaya, lakini jambo hili linawatisha. Nilisoma kijijini Sigino na msichana aliyeanguka siku moja mstarini, wote tunaona, na kesho yake dawati likawa la kwake peke yake. Kikombe chake pia. Hakumaliza mwaka. Nikaapa kwamba wangu hatakaa dawati la peke yake, nikafunga mdomo. Niliufungua mara moja tu, mbele ya kinasa sauti cha Profesa.

Lakini nisikimbilie huko. Nataka kwanza mumwone alivyokuwa.

Alikuwa mtu anayelinda faragha za watu na ambaye hapitwi na habari. Kamera ya simu yake aliibandika plasta, ile ya kidonda. Akiombwa namba ya simu dukani, anauliza kwanza wanaitakia nini, wataiweka wapi na nani mwingine ataiona, huku foleni nyuma yake ikikohoa. Alikataa kuingia kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, akasema matangazo ya kanisa atayafuata kanisani. Vizuri. Basi kila wikiendi anapita dukani kwangu, anavuta kiti, anaweka miwani. "Mama Pacha, hebu tuone wamesema nini." Anachukua simu yangu na kusoma grupu zima, kuanzia michango ya harusi mpaka nani kajibizana na nani.

"Profesa, si uingie tu na wewe?"

"Nikiingia wataona nimesoma."

"Na mimi je?"

"Wewe wanajua unasoma."

Na huyo huyo, binti yake akimpigia simu kutoka Arusha, alitoka barazani kutafuta mtandao na kuongea kwa sauti ya darasani. Mtaa mzima tulijua presha yake imesoma ngapi. Tulijua amekatazwa chumvi, na tulijua anamdanganya binti yake kuhusu chumvi. Nilimwambia siku moja kwamba siri zake zinavuka mbaazi. Akasema sauti ya mdomo inaishia kwenye ukuta wa jirani, na jirani ana haya. Yeye hofu yake ni sauti isiyokuwa na pa kuishia.

Umbea aliupenda, tusimsingizie utakatifu. Tofauti yake ni kwamba ukiingia kwake hautoki. Nilimjaribu. Nilimtungia habari ya uongo kuhusu ng'ombe wa mtu, tamu kabisa, nikasubiri kuisikia sokoni. Kimya. Baada ya muda mrefu nikamuuliza kama ameisahau.

"Sijaisahau," akasema. "Ng'ombe si wangu."

Kisa cha karanga wanakijua wote waliokuwa stendi. Muuza karanga alizifunga kwa vipande vya karatasi zilizokwishatumika, kama wanavyofunga wenzake wote. Profesa akanunua fungu, akala, halafu akaikunjua karatasi, maana hakuwa mtu wa kuacha maandishi bila kuyasoma. Akakuta nusu ya majibu ya vipimo vya mtu, na jina juu. Akarudi kwa muuzaji akanunua karanga zote alizokuwa nazo. Yule bwana akadhani Profesa ana shughuli nyumbani, akamwuliza kama aongeze na korosho. Kwa wiki nzima mtaa wetu ulikula karanga, na yeye mwenyewe alizila asubuhi na jioni. Makaratasi aliyachoma nyuma ya zizi, akaniapia kwamba hakuyasoma. Nilimwamini robo tatu. Kisha akaanza kutupitia wenye steshenari, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kopi zinazoharibika tunazipeleka wapi. Wote tulikuwa tunampa muuza karanga. Tangu hapo mimi nachoma.

Alikuwa pia mbishi wa kuchosha. Ukimwambia mvua itanyesha atakuuliza umejuaje. Ukimwambia umeona mawingu juu ya mlima Kwaraa atakuuliza kama mawingu yale ni ya huku au ya kupita. Nilikuwa namfukuza dukani mchana wateja wakizidi, naye anaondoka bila kinyongo na kurudi baada ya chai.

Kazi yake ya utafiti, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kuzitazama mashine zinazofikiri na kuuliza zimesikia wapi. Redioni wanaita akili mnemba. Yeye aliita msikilizaji. Watu walikuja kumwuliza kama hizi mashine zitatuzidi akili: maofisa wa mkoa, padri, hata fundi wangu wa printa. Wote aliwajibu kwamba hilo ni swali la watu wenye muda. "Mimi nataka kujua nani aliiambia," alisema, "na kama alijua kwamba anaiambia." Alisema mashine ni kama mgeni aliyekula kila nyumba. Anakumbuka kila alichopakuliwa, ila hakuna aliyemfundisha kipi asikisimulie nyumba ya pili. "Si mbaya. Haina haya tu. Na mimi miaka yote hii sijajua haya inaandikwaje ndani ya kompyuta."

Msidhani aliichukia. Aliipenda, aliichokoza kila siku. Aliisemesha kwa lafudhi ya wazee wa Mbulu aone kama itaelewa, nayo haikuelewa. Alisema "nakaa Bagara", ikaandika "nakaa barabarani", na hiyo alicheka nayo mpaka akatokwa machozi. Lakini siku moja aliiambia, "Mtoto wangu anaanguka," akimaanisha kile tunachomaanisha wote huku tukisema mtoto anaanguka. Mashine ikamshauri amkague mguu kama umevunjika na amkataze kupanda miti. Hapo hakucheka. Akanisimulia akiwa ameishika miwani mkononi. Alisema kuna mama mahali fulani ataiuliza swali hili hili akiwa peke yake na mtoto.

Yeye hakujua anamsimulia nani. Niliendelea kubana karatasi.

Wakati huo kulikuwa na mradi. Chuo alichokuwa akifundisha, pamoja na washirika wao wa nje, walitaka sauti za watu wa mikoani wakieleza magonjwa kwa Kiswahili chao, ili mashine itakayosaidia kwenye zahanati iwaelewe. Mkuu wa mradi alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Profesa akapewa Babati, akapita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti chake, na mimi nikapewa kazi ya kuyachapa mazungumzo. Niliipenda kazi ile. Nilijifunza kwamba mtu akifika penye jambo lenyewe hushusha sauti, na mimi hapo ndipo ninapoongeza. Siku moja alinikuta nimeongeza sauti ya mama mmoja mpaka mwisho. Akakaa.

"Unaona? Yeye ameshusha, sisi tunapandisha. Ndiyo kazi yetu, Mama Pacha, na haipendezi."

Halafu akaniambia niendelee, maana yule mama alikuwa anasema mambo ya maana.

Baada ya ile habari ya mtoto kuanguka na mashine kufikiria miti, nilikaa nayo siku kadhaa, kisha nikamwambia anirekodi na mimi. Nilijua ninachofanya. Aliniuliza kama nina hakika, akaniuliza tena, akanieleza kwamba kuna programu ya kuyatoa majina yote kabla rekodi haijaenda popote. Nikasema yote. Nilisema Paskalina alivyoanza, povu, macho, nilivyomficha, ninavyomhesabia dawa kabla ya shule. Profesa hakunikatiza. Alipozima kinasa sauti alinishukuru kwa kuinamisha kichwa, akaenda zake.

Programu ilifanya kazi yake. Ilijua majina ya ubatizo, ya Kiislamu, ya ukoo. Penye Paskalina paliwekwa ukimya mfupi. Mama Paulo wa rekodi nyingine akabaki Mama na ukimya. Rekodi zikapelekwa chuoni, zikawekwa kwenye hazina ya mradi, zikisubiri siku ya kufunguliwa ili mtu yeyote, popote alipo, azichukue.

Siku si nyingi kabla ya kufunguliwa huko, Profesa alikuwa dukani kwangu anakunywa chai. Bajaji ikasimama nje, mteja akaniita bila kushuka. "Mama Pacha, kopi zangu tayari?" Nikamjibu bado kidogo. Nilipogeuka, Profesa alikuwa ameweka kikombe chini, ananitazama kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani. Akatoka bila kuaga.

Jioni ile, jua bado liko juu, alirudi kwa bodaboda. Nilishangaa, kwa sababu bodaboda alikuwa anaziogopa. Mwendeshaji alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, sura ngeni kwangu. Profesa alishuka, akamlipa, na kumshika mkono asiondoke.

"Mwambie huyu mama nimekwambia nini kule Sigino."

"Umeniambia nikupeleke kwa Mama Pacha wa Bagara. Nikakwambia saa hizi yuko dukani."

"Nimekutajia jina lake?"

Yule bwana akamtazama, akanitazama na mimi, akaona hapa pana jambo lisilomhusu. "Sasa mzee, jina si ndo hilo?"

Profesa akamwachia mkono. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kunieleza polepole, kama anayejieleza mwenyewe. Pacha si jina. Kwa mashine pacha ni neno tu, kama kiti, kama ndoo. Programu imelipita na kuliacha kila mahali. Na aliyelisema wa kwanza kwenye rekodi ni yeye mwenyewe: "Mama Pacha wa Bagara, hebu tueleze mtoto alianzaje kuanguka."

"Mtu akiisikia hiyo," akasema, "hana haja ya kunipigia simu mimi. Anapanda bodaboda."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee. Nilimwambia mwanangu yuko darasa la sita, ana rafiki wawili anaokaa nao dawati moja, na wakisikia hii ataanza kukaa na begi lake. Nilimwambia amepita mtaa mzima akibandika plasta kwenye kamera na kukusanya karatasi za karanga, halafu siri ya mtoto wangu ameibeba mwenyewe mdomoni. Nilisema mengi. Wateja waliokuwa nje waliamua kurudi kesho.

 Profesa aliomba ahamishie kiti barazani, penye mtandao, akampigia mkuu wa mradi, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hajui kuongea taratibu.

"Itoe... Ndiyo, ya Babati, na nyingine zote mpaka tuzisikilize upya... Hamjayatoa. Mmetoa ya kanisani na ya msikitini na ya serikalini. Ya mtaani yamebaki... Najua wafadhili wanasubiri. Na huku kuna mtoto anasubiri, ila yeye hajui... Basi kama haiwezekani, jina langu ulitoe kwanza, mwanangu, maana la kwangu ni rahisi, programu inalijua."

Hazikutolewa siku ile. Mkuu wa mradi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wakubwa juu yake, na wakubwa walikuwa na wakubwa. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Profesa alikuja kila asubuhi na kukaa barazani na simu mkononi, simkaribishi chai wala simfukuzi. Kila mzazi aliyekuja kutoa kopi nilimtazama usoni nione kama amesikia kitu. Jioni Paskalina anarudi shule na soksi zimejaa vumbi, anasimulia habari za mpira wa pete, na mimi namsikiliza nikitafuta kama kuna rafiki aliyeacha kumtaja. Baba Pacha alikuwa safarini na sikumwambia kwenye simu. Hasira zikiisha nilibaki na woga, na woga ukiisha hasira zinarudi.

Halafu asubuhi moja Profesa aliingia ndani bila kupiga hodi na kunisogezea simu nisikilize. Ilikuwa sauti ya yule mkuu wa mradi, imechoka. "Prof, shikamoo. Nimezitoa zote, hakuna aliyezichukua, nimehakikisha. Kusema kweli nilikuona msumbufu. Halafu jana nikakumbuka mama yangu kwetu anaitwa Mama Vitumbua. Angekuwa yeye, kijiji kizima kingemjua. Pole sana kwa huyo mama."

Nilikaa juu ya boksi la karatasi na kulia mbele ya wateja. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Ilikuwa kama nimetua mzigo niliokuwa nimesahau kwamba ninaubeba. Niliagiza chapati, nikampa Profesa, nikawapa na wateja, ambao walikula bila kuuliza na kunitakia heri ya siku yangu ya kuzaliwa. Profesa alikula tatu. Alisema hana chumvi ya kula nyumbani.

Tangu siku hiyo aliapa hataniita tena Mama Pacha. Akaanza kuniita kwa jina langu la ubatizo. Anasimama mlangoni na kuita, sigeuki, anaita tena, mteja ananiambia kuna mzee anamtafuta mtu. Tulivumilia kama mwezi mmoja. Kisha akarudia la zamani, akasema kosa si jina.

Jambo moja tuligombania miaka. Rekodi yangu ilitolewa kwenye hazina ya mradi, lakini Profesa alibaki na nakala moja, kaifungia kwenye kompyuta yake isiyounganishwa na kitu chochote. Nilimwambia aifute. Akakataa.

"Ruhusa ulinipa wewe, lakini habari si zako. Nikiifuta leo nimeamua mimi, ukiifuta umeamua wewe. Akikua ataamua yeye."

"Na akiuliza kwa nini nilisema?"

"Utamjibu. Mimi siwezi kukusaidia hapo."

Nilimwona mkaidi tu. Sikupenda kuikumbuka ile nakala, maana Paskalina hakujua kwamba niliwahi kumsema kwa mtu. Nilianza hata kutamani ile kompyuta iingie maji. Na Profesa, kila wenye mradi walipomwandikia kwamba bado hawana sauti inayoeleza kifafa na mashine bado inafikiria miti, aliwajibu kwamba anasubiri mtu amalize shule.

Mara ya mwisho kumwona akiwa mkazi wa Babati ilikuwa mwanzoni mwa mwaka huu. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, binti yake alimtaka Arusha karibu na hospitali, na shamba la mbaazi alikuwa ameshamkodishia mtu. Alikuja dukani kuaga, amebeba ile kompyuta kwenye mfuko wa mkeka. Paskalina ndiye aliyekuwa kaunta. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na ananisimamia duka vizuri kuliko mimi.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwako leo, siyo kwa mama."

Nikajua. Nikatafuta kazi ya kufanya nikakosa, nikaishia kushika birika. Profesa alimweleza kwa maneno machache kwamba miaka ile mama yake alisema habari zake ili mashine ijifunze, kwamba ilikaribia kutoka vibaya, kwamba ilizuiwa, na kwamba sasa iko hapa na ni yake: aisikilize, aiache itumike bila jina lolote, au aifute. Paskalina alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli. Akavaa spika za masikioni.

Alisikiliza yote. Uso wake haukuniambia neno. Mteja mmoja aliingia, nikampa bahasha zake, akatoka. Paskalina alipomaliza alizivua zile spika, akazikunja vizuri.

"Mama, humu unanililia kama nimekufa."

"Niliogopa."

"Najua. Lakini huyu mtoto unayemsema simjui." Akamgeukia Profesa. "Ifute hii. Kama wanataka sauti nitasema mwenyewe. Nikisema mimi haitakuwa hivi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia wateja kwamba wino umeisha. Profesa akamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza mwenyewe. Nilivuta pumzi, nikasikia hata Profesa anavuta yake. Akaanza kuitayarisha kompyuta ili amrekodi upya.

Kabla hajamaliza aliingia mama mmoja wa makamo, amejifunga khanga kiunoni, ana cheti cha kuzaliwa cha kutoa kopi. Paskalina akakipokea. Yule mama akamtazama huku mashine inaunguruma.

"Wewe si ndo yule pacha? Kaka yako nimemwona hapo sheli na pikipiki. Wewe huendeshi?"

"Siendeshi, mama. Nina kifafa. Natumia dawa, niko sawa, ila pikipiki nimekatazwa."

Nilishika birika kwa mikono miwili. Yule mama hakurudi nyuma. Aliangalia mlangoni, akasogea mpaka kaunta ikamgusa tumboni.

"Mwanangu, hizo dawa unachukulia wapi? Mtoto wa dada yangu anaanguka. Wamemfungia ndani."

Paskalina aliziacha kopi kwenye mashine, akazunguka kaunta na kumvutia stuli. "Kaa, mama. Anaanguka asubuhi au muda wowote? Ana umri gani?"

Wakaanza kuongea. Waliongea kwa sauti ya kawaida, mlango uko wazi, watu wanapita nje kwenda stendi. Profesa alikuwa na kompyuta magotini na hakurekodi, mimi chai ilikuwa imeshapoa mkononi. Tulikaa pale muda mrefu, sisi wawili tulioitunza siri ile miaka yote, na hakuna aliyetuuliza kitu.